Mbwa wako ameonekana na kansa, sasa ufanye nini? Mwongozo kamili wa kuchagua matibabu ukiwa Uganda

Neno kansa likishatoka mdomoni mwa daktari watu wengi akili inasimama palepale, alafu kinachofuata ni haraka. Kuna anayesema mdunge tu alale asiteseke, na kuna anayeuza mbuzi apate hela ya kutibu kitu ambacho bado hakijulikani ni nini. Wote wawili wameruka hatua ileile. Kansa za mbwa ziko nyingi na tabia zao ni mbali na mbali, na hapa kwetu mojawapo ya zile zinazoonekana sana ndiyo inayotisha kuliko zote kwa macho, inavuja damu, inanuka, lakini inapona kabisa kwa sindano ambazo mtu wa kawaida anaweza kujipanga akazilipa. Wakati huohuo kuna kauvimbe kadogo kwenye ngozi ambako hakamsumbui mbwa hata kidogo na ndiko katakakommaliza. Kwahiyo mbwa anayelala mapema wakati angepona, na familia inayomaliza akiba kwa kansa isiyotibika, vyote vinatokana na kutojua ni kansa ipi, na hapo ndipo tuanzie.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama ni kansa kweli

Uvimbe kwenye mbwa wa Uganda una sababu nyingi. Kama ni vivimbe vidogo vyenye katundu katikati, hasa tumboni na miguuni kwa mbwa mdogo anayelala mchangani, hao mara nyingi ni funza wa nzi wa maembe, yule nzi anayetufanya tupige pasi nguo zote hadi soksi. Jipu la kuumwa na mbwa mwenzake nalo linavimba haraka, ndani ya siku mbili tatu, lina joto na linauma ukilishika. Kansa nyingi haziendi kwa mwendo huo.

Mitoki ndiyo inayochanganya watu zaidi. Mshike mbwa wako hivi: pitisha vidole viwili chini ya taya pande zote mbili, alafu mbele ya bega, alafu nyuma ya goti. Kwa mbwa mzima mitoki hiyo ni midogo, ile ya bega saa nyingine huipati kabisa. Ukikuta imevimba yote kwa pamoja, migumu na haimuumi, daktari atafikiria limfoma, yaani kansa ya mitoki, na yuko sawa kufikiria hivyo. Lakini ugonjwa wa kupe unaoitwa ehrlikia unavimbisha mitoki pia, unavimbisha wengu na unatoa damu puani, na maeneo yenye ndorobo kuna malale ya wanyama ambayo yanafanya karibu vitu hivyohivyo. Hayo mawili yana dawa. Kwahiyo kabla hujakubali neno limfoma omba damu ipimwe, iangaliwe kwenye mikroskopu na kipimo cha kupe kifanyike kama kliniki inacho.

Na hapa naomba unisikilize vizuri sana: usikubali mbwa adungwe deksa wala apewe predinisoloni, zote mbili ni steroidi, kabla ya vipimo. Ni dawa rahisi, kila duka la dawa za mifugo linazo, na mbwa akidungwa anachangamka siku hiyohiyo mpaka mnashangilia. Shida ni kwamba kama ni limfoma, steroidi inapunguza uvimbe kwa muda na kuficha ugonjwa usionekane kwenye kipimo, alafu inaifanya kansa iwe sugu kwa kemo, yaani dawa za kuua kansa, utakayotaka kutumia baadaye. Dawa ya shilingi chache inakuwa imekufungia mlango wa matibabu yenyewe.

Hatua ya 2: Pata jina la kansa

Kuangalia kwa macho hakutoshi hata daktari awe na miaka thelathini kazini. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sindano nyembamba, ileile ya kawaida ya kudunga, inaingizwa kwenye uvimbe, inatoa chembe kidogo zinapakwa kwenye kioo cha slaidi, zinakaushwa kwa hewa na kuangaliwa. Mbwa mtulivu hahitaji hata ganzi. Ya pili ni kukata kipande, bayopsi, ambacho kinaingia kwenye formalini ya asilimia 10, na formalini iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kipande, siyo nyama kubwa imebanwa kwenye kachupa kadogo ikaoza katikati.

Kama uko Kampala, kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere kwenye kitivo chao cha udaktari wa mifugo, na kliniki binafsi ziko kadhaa. Kama uko Arua, Gulu ama Busia, huna haja ya kumpakia mbwa safari nzima kwa ajili ya kipimo. Mwombe daktari wa hapo atoe slaidi, azikaushe, aandike jina kwa penseli, azifunge vizuri na mzitume kama kifurushi kwenye basi. Slaidi kavu hazihitaji friji. Lakini zisisafiri kwenye mfuko mmoja na chupa ya formalini, manake mvuke wa formalini unaharibu slaidi hata kama chupa imefungwa, na mtaambiwa kipimo hakisomeki mrudie.

Kama daktari ameshapanga kukata uvimbe wote, kubaliana naye kabla ya siku ya upasuaji kwamba kilichokatwa kitaenda maabara. Huku kwetu uvimbe mwingi unaishia kwenye ndoo ya taka, alafu ukirudi baada ya miezi mitatu hakuna anayejua ulikuwa nini. Na yeyote anayemshika mbwa wako, muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Siyo matusi kuuliza. Mtu wa chanjo anayepita na pikipiki anaweza kuwa fundi mzuri wa kudunga chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini kazi hii siyo yake.

Jina likipatikana, swali linalofuata ni imefika wapi. Eksirei ya kifua, na iwe picha tatu, ubavu wa kulia, wa kushoto na mgongo, manake picha moja inaweza kupitwa na vidonda vya kwenye mapafu. Ultrasaundi ya tumbo kama kuna wasiwasi wa ini ama wengu. Kulipa upasuaji mkubwa kabla ya eksirei ni kutupa hela.

Hatua ya 3: Ujue kansa yako iko kundi gani

Naanza na ile niliyosema inapona. Inaitwa TVT, ni kansa ya kuambukizana, mbwa anaipata kwa kupandana, kulambana na kunusana. Chembe zenyewe za kansa ndizo zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine na kuota, na wataalamu wamefuatilia wakaona zote duniani zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mahali ambapo mbwa wanazurura usiku na hawajahasiwa, kama mitaa yetu mingi, inakuwepo tu. Inaonekana kama koliflawa nyekundu, laini, inavuja damu ukiigusa. Kwa jike inajitokeza ukeni na watu wanadhani yuko kwenye joto, mwezi unapita, wa pili unapita, damu bado. Kwa dume unaona matone ya damu sakafuni asubuhi pale alipolala, watu wanasema ni kibofu, anapewa antibayotiki wiki baada ya wiki na hakuna kinachobadilika, kwa sababu hakuna aliyerudisha ngozi ya uume nyuma mpaka mwisho akaangalia shinani. Mwambie daktari arudishe mpaka mwisho. Inaweza pia kuwa puani ama mdomoni.

Dawa yake ni vinkristini, inaingia kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, mpaka uvimbe uishe kabisa. Zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wanapona. Kuikata tu bila dawa hakusaidii sana, inarudi mara nyingi. Ni dawa ileile ya watu, na Kampala inajulikana zamani sana manake iko kwenye matibabu ya Burkitt, ile kansa ya taya ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akifanya kazi hospitali ya Mulago. Inatengenezwa kutoka kwenye ule mmea wa maua ya waridi na meupe unaopandwa mbele ya nyumba nyingi, lakini tafadhali usichemshe majani kumnywesha mbwa, ni sumu na kipimo chake hukiwezi.

Vitu vya kuangalia kwenye vinkristini ni vitatu. Inakaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwahiyo uliza umeme ukikatika kliniki wanafanyaje. Ikivuja nje ya mshipa hata kidogo nyama ya mguu inaoza, kwahiyo daktari aweke kanula safi, ajaribu na maji ya dripu kwanza aone inapita vizuri, na mbwa ashikwe na mtu anayemjua. Na chembe nyeupe za damu zipimwe kabla ya kila sindano, zikishuka sana mnasubiri wiki nyingine. Mwambie daktari kama mbwa wako ni koli ama ana damu ya koli, ama ni German Shepherd, kwa sababu baadhi yao wamezaliwa na kasoro inayofanya dawa hii iwapige vibaya. Alafu kuna jambo la hela: mbwa wa kilo 20 anahitaji karibu nusu miligramu tu, na chupa ndogo ya kawaida ina miligramu 1. Kama jirani naye ana mbwa mwenye TVT, pangeni siku moja mgawane chupa.

Matiti ya jike: karibu nusu ya vivimbe vya matiti ni vibaya, nusu siyo vibaya, na dawa ni kukata mapema. Uvimbe ulio chini ya sentimita 3 una matumaini makubwa kuliko ule uliosubiri mpaka ukapasuka. Zile sindano za kuzuia mimba ambazo watu wanawadunga majike ili wasizae zinaongeza hatari ya kansa hii na ya usaha kwenye kizazi, kama umekuwa ukizitumia acha leo na muulize daktari habari ya kutoa kizazi.

Kansa ya seli za masti kwenye ngozi inapenda kuvimba na kunywea, leo kubwa kesho ndogo, na ukiisugua inakuwa nyekundu. Inakatwa na ukingo mpana wa nyama nzima, sentimita 2 hadi 3 kila upande, na zile za daraja la chini, yaani zisizo kali, zinaisha hapohapo. Ndiyo maana unataka maabara ikuambie daraja na kama kingo zilitoka safi.

Limfoma sasa. Bila dawa mbwa wengi wanakwenda wiki 4 hadi 6. Predinisoloni peke yake inampa mwezi mmoja ama miwili ya raha. Kemo kamili ya dawa kadhaa kwa miezi mitano sita inawapa wengi karibu mwaka mmoja mzuri, lakini kupona kabisa ni nadra, na ni gharama inayorudi karibu kila wiki. Hapa hakuna jibu moja sahihi. Kama huna uwezo wa kemo na vipimo vimeshathibitisha, sasa ndiyo predinisoloni ina mahali pake, na siyo aibu.

Mfupa, osteosakoma, inashika mbwa wakubwa kama Rottweiler na boerboel, mara nyingi juu ya kifundo cha mguu wa mbele ama karibu na goti. Anachechemea, mnadhani ameteguka, dawa ya maumivu inasaidia kidogo alafu anarudi kulekule. Maumivu yake ni makali sana hata kama halii. Kukata mguu kunaondoa maumivu hayo, na mbwa anajua kutembea na mitatu kuliko unavyofikiri, lakini kukata peke yake kunampa wengi miezi 4 hadi 6, na ukiongeza kemo karibu mwaka. Kama hamtaki kukata mguu, basi jueni kwamba mnachagua muda mfupi, kwa sababu vidonge haviwezi kutuliza mfupa huo kwa muda mrefu.

Wengu ukiwa na uvimbe na damu inavujia tumboni, mbwa anaanguka ghafla na ufizi mweupe. Ikiwa ni hemanjiosakoma, yaani kansa ya mishipa ya damu, upasuaji peke yake unampa mwezi mmoja hadi mitatu. Lakini siyo kila uvimbe wa wengu ni kansa, na usipokuwa kansa upasuaji unamponya. Ni uamuzi mgumu kwa sababu unafanywa saa hiyohiyo bila jibu la maabara, na mimi nadhani kwa mbwa ambaye mapafu yake ni safi na bado ana nguvu, inafaa kujaribu kama hela ipo.

Mionzi usiijengee matumaini. Mashine za Uganda Cancer Institute pale Mulago ni za watu.

Hatua ya 4: Piga hesabu yote, siyo ya sindano moja

Muulize daktari maswali haya na uandike majibu: lengo ni kumponya, kumwongezea muda ama kumpunguzia maumivu? Ni sindano ngapi, na kila moja inakuja na kipimo gani cha damu? Tukiacha katikati inakuwaje? Mbwa wangapi wenye kansa hii umewatibu wewe mwenyewe? Daktari mzuri hakasiriki, na akisema hii sijawahi kuitibu, ngoja nimpigie mwenzangu wa Makerere, huyo mshike.

Alafu ongeza usafiri. Boda hazibebi mbwa mkubwa aliyetoka kwenye nusu kaputi, utahitaji gari kila wiki. Ongeza mtu wa kukaa naye. Ongeza chakula, manake mbwa wa kemo anaweza kukataa posho (ugali) na mukene (dagaa) zake za kila siku na ukahitaji mayai ama maini kidogo. Ukimaliza, kaeni kama familia na mtaje kiasi ambacho mkifika hapo mtasimama, mkitaje kabla hamjaanza. Ada za shule za watoto zina haki yake. Kuchagua kumtuliza mbwa badala ya kumtibu ni chaguo la upendo pia, lisiachiwe mtu mmoja nyumbani alibebe peke yake.

Hatua ya 5: Ukichagua kemo

Kemo ya mbwa inapimwa ili aishi vizuri, siyo kama ya watu. Wengi hawapotezi manyoya. Kutapika ama kuharisha kunaweza kuja siku ya 2 hadi ya 5, muombe daktari dawa ya kutapika mapema ikae nyumbani. Siku hatari zaidi ni ya 7 hadi ya 10, kinga inapokuwa chini. Nunua kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, ukiona 39.5 na amelala hataki kunyanyuka, nenda usiku huohuo, usisubiri asubuhi.

Mkojo na kinyesi vinabeba dawa kwa siku 2 hadi 3. Anayesafisha kompaundi avae glavu, iwe wewe ama askari wa getini, na umwambie kwa nini. Watoto na mama mjamzito wakae mbali na sehemu hiyo.

Hatua ya 6: Maumivu na kidonda, kwa kila mbwa, anayetibiwa na asiyetibiwa

Diklofenaki, ibuprofeni na Panadol za nyumbani usimpe. Zinatoboa tumbo, zinaua figo na ini. Mbwa ana dawa zake kama meloksikamu kwa kipimo cha kilo zake, na daktari anaweza kuongeza gabapentini. Meloksikamu na predinisoloni haviendi pamoja hata siku moja, na hii inatokea sana pale mbwa anapotibiwa na watu wawili wasiojuana, kwahiyo weka daftari la dawa zake.

Kidonda cha kansa kioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kifunikwe, nzi wasitage. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, majivu, hapana. Mitishamba kama mululuza na kigagi watu watakuletea kwa nia njema, pokea, shukuru, lakini usiviweke mahali pa dawa. Na ile aivamektini ya ng'ombe ambayo watu wanatumiana kwenye simu kwamba inamaliza kansa, inaweza kumlaza koli asiamke.

Hatua ya 7: Kujua kama imetosha

Daktari Mmarekani Alice Villalobos alitengeneza kipimo kizuri ambacho mtu yeyote anaweza kutumia nyumbani. Unampa mbwa alama 0 hadi 10 kwenye mambo saba: maumivu na kupumua, kula, maji mwilini, usafi wake, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya. Kumi ni nzuri. Jumla ikizidi 35 bado anaishi vizuri. Fanyeni kila Jumapili, watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, alafu mlinganishe. Anayemlisha kila siku anaona vitu ambavyo mwenye nyumba haoni. Kama hawezi kupumua vizuri ama maumivu hayashikiki, usisubiri jumla.

Siku ikifika, omba kwanza dawa ya usingizi ndipo dawa ya mwisho iingie kwenye mshipa, na omba ifanyike nyumbani kama daktari anakubali. Mtu akikuambia ana sumu ya kuweka kwenye nyama, mfukuze, kifo hicho ni cha mateso. Kaburi liwe na kina cha mita moja na zaidi, mbwa wengine wasifukue. Mwili usitupwe kwenye jalala, manake ile dawa inabaki ndani ya nyama, na kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, ama mbwa wa mtaani wakiila watakufa nao. Na kama ilikuwa TVT, kabla daktari hajaondoka mwambie awaangalie mbwa wengine wote wa kompaundi, madume na majike, na mpange siku ya kuwahasi.